Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyelifanya gari kuukuu kuwa bingwa wa Safari

Katika historia ya mashindano ya magari Afrika Mashariki, ni majina machache yanayotajwa kwa heshima kama la Joginder Singh, Mkenya aliyetwaa ubingwa wa Safari Rally mara tatu, katika miaka ya 1965, 1974 na 1976.

Magazeti ya Kiingereza yalimpachika jina la Singasinga anayepaa. Mashabiki wa nyumbani, waliojipanga kandokando ya barabara kila sikukuu ya Pasaka kumshangilia, walimwita Simba.

Majina hayo mawili yanasifu kasi na ujasiri wake. Hata hivyo, yanaficha sifa iliyomtofautisha na madereva wengi wa zama zake. Kabla ya kuwa dereva, Joginder alikuwa fundi, na kwa muda wote wa miaka 22 aliyoshiriki Safari aliendesha gari kama mtu ajuaye gharama ya kulitengeneza.

Alizaliwa Februari 9, 1932 mjini Kericho, katika nyanda za chai za magharibi mwa Kenya. Baba yake, Sardar Battan Singh, alikuwa mhamiaji kutoka Punjab aliyejipatia riziki kwa kutengeneza magari.

Familia hiyo ilikuwa sehemu ya jamii ya Masingasinga ambao waliingia Afrika Mashariki kwa wingi tangu ilipoanza kujengwa reli ya kutoka Mombasa mwaka 1896. Wengi wao walikuwa maseremala, wahunzi, waashi na makanika. Reli ilipokamilika baadhi yao walirejea kwao, na wengine wakabaki na kufungua karakana katika miji iliyokuwa ikichipuka.

Haikuwa ajabu basi kwamba katika miji mingi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, mwenye gari lililoharibika alielekezwa moja kwa moja kwenye karakana ya Singasinga.

Joginder alikulia katika mazingira hayo ya spana, grisi na vyuma. Alijifunza ufundi akiwa kijana, akafanya kazi katika gereji, na taratibu akapata ule ujuzi usiofundishwa vitabuni, wa kutambua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu.

Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa mhudumu wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka katika barabara kuu na kuwasaidia wanachama ambao magari yao yalikuwa yamekwama.

Kazi hiyo ilimpa elimu ambayo ingemfaa baadaye. Kila gari lililosimama njiani lilimwonyesha ni kitu gani huvunjika kwanza, kwenye barabara ya namna gani, na kwa kosa lipi la dereva. Vilevile ilimzoeza kutengeneza kwa vifaa vichache, juani au mvuani, mbali na gereji.

Mwaka uliofuata, 1959, alishiriki Safari kwa mara ya kwanza.

BARABARA ZISIZOSAMEHE

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kama sehemu ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Hapo mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalikimbia usiku na mchana kwa maelfu ya kilomita, katika barabara zilizokuwa zikitumiwa pia na mabasi, malori, wachungaji na mifugo yao.

Pasaka huangukia majira ya masika. Dereva aliweza kutoka katika vumbi jembamba kama unga, na baada ya saa chache akajikuta katika tope lililofika kwenye milango.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka lakini saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na kwa mara nyingine ni saba tu yaliyomaliza. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, aliyeendesha Peugeot 404 pamoja na mwelekezi wake Paddy Cliff.

Hata asiyewahi kuyaona mashindano hayo anaweza kukisia adha yake iwapo amesafiri katika barabara za kaskazini mwa Kenya. Njia itokayo mjini Isiolo kwenda Gotu, penye maporomoko ya Mto Ewaso Ng'iro, na kuendelea hadi Merti, ni mfano mzuri. Mawe hurushwa na magurudumu na kugonga tumbo la gari. Migunga iliyoinamia njia hukwaruza milango kwa miiba yake. Vumbi nalo hupenya kila mahali.

Gari linalotoka Gotu halihitaji kueleza lilikokuwa. Rangi yake inasema yenyewe.

NGOZI YA GARI

Mafundi wa bodi wanaijua vyema lugha hiyo ya rangi, na ni vigumu kumwelewa fundi wa aina ya Joginder bila kuielewa kazi yao.

Kuna alama za aina mbili. Ya kwanza ni mkwaruzo wa mwiba au jiwe, ambao huonekana kama mstari. Ya pili ni ile mikwaruzo myembamba ya mviringo, mithili ya utando wa buibui, inayojitokeza jua linapopiga bodi. Hiyo ya pili mara nyingi haitokani na barabara, bali na mikono ya mwenye gari mwenyewe.

Sababu ni kwamba vumbi la barabarani lina chembechembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi. Anayepangusa gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu huwa analisugua kwa msasa bila ya kujua. Kila mzunguko wa mkono wake huacha alama, na baada ya miezi kadhaa rangi iliyokuwa iking'aa huonekana kama imefunikwa na ukungu.

Dawa yake ni kupiga polishi kwa mashine. Fundi huanza kwa kuliosha gari kwa maji mengi hadi chembe ya mwisho ya mchanga iondoke, kisha huliegesha kivulini na kusubiri bati lipoe. Hupitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina na polishi peke yake haitaumaliza bila kuleta hasara.

Baada ya hapo hujaribu sehemu ndogo kwanza. Hufunga sponji kwenye mashine, huipaka dawa yenye chembe laini za kusugulia, na kuizungusha kwa mwendo wa wastani bila kuituliza mahali pamoja, kwa sababu joto lake huweza kuunguza rangi. Penye kingo na mikunjo ya bati huongeza uangalifu, kwani hapo rangi huwa nyembamba zaidi. Humalizia kwa dawa laini kuliko ile ya kwanza, na mwishowe hupaka nta ya kulinda.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba mashine haijazi mkwaruzo. Inachofanya ni kuiondoa rangi iliyo pembeni mwake hadi uso wote uwe sawa. Kwa maneno mengine, gari hung'aa kwa kupunguzwa.

Na cha kupunguza si kingi. Katika magari ya siku hizi, rangi yote pamoja na tabaka lake la chini haizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo ndilo linalosuguliwa, ni jembamba kuliko unywele wa binadamu. Fundi anayeondoa mno ili kumfurahisha mteja leo humwachia gari lisiloweza kusuguliwa tena kesho.

Katika miaka ya 1960 hali ilikuwa ya wazi zaidi, kwa kuwa magari mengi hayakuwa na tabaka hilo la juu. Mpiga polishi aliiona rangi ya gari ikihamia kwenye kitambaa chake, akajua kwa macho yake kiasi alichoondoa.

Hiyo ndiyo hesabu ya gereji. Kila kitu cha gari, kuanzia rangi na breki hadi springi na injini, kina akiba ambayo ikishatumika hairudi. Fundi mzuri hutoa kiasi kinachohitajika na kuacha kingine.

Ukiitazama rekodi ya Joginder katika Safari, utaona kwamba aliendesha kwa hesabu hiyohiyo.

GARI LILILOKATALIWA

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta Afrika Mashariki timu ya magari aina ya PV544 ikiwa na matumaini makubwa. Matumaini hayo yaliishia barabarani. Ushindi ulichukuliwa na Peter Hughes katika Ford Cortina, na magari ya Volvo yakabaki yakiwa yamechakaa.

Moja kati ya hayo lilinunuliwa na Joginder pamoja na mdogo wake, Jaswant Singh.

Kwa macho ya wengi, huo haukuwa ununuzi wa busara. Umbo la PV544 lilitokana na gari lililobuniwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na utengenezaji wake ulikuwa ukingoni. Gari lenyewe lilikuwa limeshatumika na kuumizwa na barabara zilezile ambazo lingerudishwa kukabiliana nazo. Upande wa pili walikuwepo wapinzani wenye magari mapya na mafundi waliolipwa na viwanda.

Ndugu hao wawili walilitengeneza wenyewe. Hawakuwa na fedha za kubadilisha kila kitu, hivyo iliwabidi wajue kwa hakika ni kipi kilichokwisha na ni kipi ambacho bado kingestahimili.

Bahati nayo haikuwatupa. Katika Safari ya mwaka 1965 walipangiwa kuondoka wa kwanza, nafasi iliyowawezesha kwenda bila kumeza vumbi la waliotangulia. Lakini bahati ya kuanza mbele haimfikishi mtu mwisho wa safari ya zaidi ya maili 3,000. Wanaoanza mbele huvunjikiwa njiani kama wengine.

Volvo hiyo haikuvunjika. Joginder na Jaswant walirudi Nairobi wakiwa washindi, huku wakimwacha aliyewafuatia kwa zaidi ya saa nzima. Gari ambalo waliolileta walishindwa kulifikisha mwisho lilikuwa limewashinda wote.

Ushindi huo ulikuwa na uzito mwingine. Kenya ilikuwa imejipatia uhuru mwezi Desemba 1963, na hadi wakati huo madereva wakuu walioshinda Safari walikuwa Wazungu. Joginder, Singasinga na mtoto wa fundi wa Kericho, ndiye aliyekuwa dereva mkuu wa kwanza kuibadili hali hiyo.

Kwa jamii ya Waasia, ambao wengi wao katika miaka hiyo walikuwa wakijiuliza kuhusu mahali pao katika taifa jipya, halikuwa jambo dogo kumwona Singasinga mwenye kilemba akishangiliwa na wananchi wa kila kabila kama shujaa wao.

KUTOKA KUUKUU HADI KIWANDANI

Baada ya ushindi huo, Joginder aliendesha magari ya kampuni mbalimbali. Mashindano yenyewe nayo yalikuwa yakibadilika. Viwanda vya Ulaya na Japani viligundua kwamba gari lililoshinda Safari liliuzika kwa urahisi duniani kote, navyo vikaanza kumwaga fedha, helikopta na mafundi.

Kwa miaka mingi hakuna dereva kutoka nje aliyewahi kushinda, hadi mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alipovunja mwiko huo akiendesha Ford Escort. Mwaka uliofuata Safari ikaingizwa katika ratiba ya ubingwa wa dunia, na wengi wakaamini kwamba zama za mwenyeji mwenye spana yake zilikuwa zimekwisha.

Joginder alikuwa amefikisha umri wa miaka 42 alipoingia katika Safari ya mwaka 1974 akiwa na gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Lancer 1600 GSR, na mwelekezi David Doig. Lancer ilikuwa imeanza kuuzwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na jina la Mitsubishi halikuwa likiwatisha wakubwa wa mchezo huo.

Mbele yake alikuwapo Björn Waldegård wa Sweden, katika Porsche 911. Kwa nguvu za injini na kasi, Lancer haikuwa na ubavu wa kushindana na Porsche.

Hata hivyo Safari haikupimwa kwa kasi peke yake. Porsche ilipatwa na hitilafu, Lancer ikaendelea kwenda, na Joginder akapata ushindi wake wa pili. Waldegård alimaliza wa pili.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1976, Joginder na Doig walirudia kazi hiyo. Safari hii hawakuwa peke yao, kwani magari ya Lancer yalitwaa nafasi zote tatu za kwanza. Robin Ulyate alikuwa wa pili, na Andrew Cowan wa Scotland akawa wa tatu.

Kwa ushindi huo Joginder akawa dereva wa kwanza kuichukua Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilikuja kupitwa na Mkenya mwenzake, Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano kati ya mwaka 1973 na 1982.

REKODI ISIYOSHANGILIWA

Ubingwa wa mara tatu ndio unaotajwa zaidi, lakini mafundi wana takwimu nyingine wanayoiona kuwa kubwa kuliko hiyo. Kati ya Safari 22 alizoshiriki, kuanzia mwaka 1959 hadi 1980, Joginder alizimaliza 19.

Ili kuipima takwimu hiyo, inafaa kuikumbuka ile miaka miwili ambayo ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Katika mashindano ambayo kuanguka ndiyo ilikuwa desturi na kumaliza ndio muujiza, yeye alifanya kumaliza kuwa mazoea yake.

Hilo halikutokana na woga, kwa kuwa dereva mwoga hashindi mara tatu. Lilitokana na kujua ni wapi gari linaweza kuombwa zaidi na ni wapi linapaswa kuachwa lipumue. Dereva aliyewahi kulala chini ya gari lililovunjika, akilitengeneza kwa mikono yake, huliona jiwe lililo mbele yake kwa namna tofauti na yule anayetegemea kusubiriwa na kundi la mafundi kwenye kituo kinachofuata.

Baada ya kustaafu mashindano, Joginder aliendelea kuheshimiwa na wapenzi wa mchezo huo ndani na nje ya Kenya. Miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza, na huko ndiko alikofariki, mjini London, Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Wakati huo Safari ilikuwa imeshaondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia tangu baada ya mashindano ya mwaka 2002. Ilirejeshwa mwaka 2021, na kizazi ambacho hakikumwona Joginder kikapata nafasi ya kusimama kando ya barabara kuyatazama magari yakipita.

Magari hayo ya sasa hubadilishwa vipuri vingi kila jioni, na yakirejea kambini huoshwa na kung'arishwa kabla ya kupigwa picha. Mshindi wa 1965 alikuwa gari moja, lililotengenezwa na ndugu wawili, ambalo lilikuwa limeshachakazwa na barabara hizohizo mwaka uliotangulia.

Mjini Isiolo, kama ilivyo katika miji mingine ya Kenya, wapo vijana wanaojipatia riziki kwa kuosha magari na kuyaondolea mikwaruzo iliyoletwa na safari za Gotu na kwingineko. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa Joginder alipoendesha Safari yake ya mwisho. Lakini kila mmoja wao anayepitisha ukucha juu ya rangi kabla ya kuwasha mashine, ili ajue ni kiasi gani anaweza kuondoa bila kuliharibu gari la mtu, anaifuata hesabu ileile iliyomfikisha mtoto wa fundi wa Kericho mwisho wa Safari mara 19.